Pasatiempo baada ya kurejeshwa: raundi moja juu ya vilima na makorongo

Fimbo_ya_Saba (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma mada za viwanja vya zamani vya gofu bila kuchangia. Leo nina la kusema, na ni refu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nimecheza Pasatiempo, kule Santa Cruz, California. Ni uwanja alioubuni Alister MacKenzie, ukafunguliwa Septemba 1929. Kati ya 2023 na 2024 grini zake (yale maeneo ya nyasi fupi ambapo kila shimo huishia) zilijengwa upya chini ya usimamizi wa Jim Urbina, mashimo tisa kwanza, tisa mengine mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mbunifu wa viwanja Tom Doak na huyu huyu Urbina walishafanya kazi ya miaka mingi ya kurudisha mabanka (vizuizi vya mchanga) kwa kufuata picha za zamani. Kwa hiyo nilichokikuta ni kazi ya karibu robo karne ya watu kuuliza swali moja: hapa palikuwaje?

Nianze na ardhi, maana bila ardhi hakuna uwanja huu. Tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga, iko juu, Ghuba ya Monterey iko mbele yako, feawei (njia ya nyasi fupi hadi kwenye grini) inashuka. Unapiga mpira unaning'inia hewani muda mrefu kuliko ulivyozoea. Shimo la pili nalo linashuka. Ukifika la tatu, la mikwaju mitatu (ndiyo idadi unayotarajiwa kutumia), yadi zaidi ya 200, unageuzwa na kutazama kilima. Hapo ndipo nilipojua siku itakuwaje. Fimbo niliyoichagua ilitosha kwa umbali ulioandikwa kwenye kadi, lakini haikutosha kwa kilima. Mpira ulitua chini ya grini, ukasimama kidogo, ukaanza kurudi kwangu.

Mashimo tisa ya kwanza ni mapana kuliko yanavyoonekana. Tisa ya pili ndiyo yenye makorongo. La kumi unapiga juu ya korongo tangu kwenye tii. La kumi na moja linapanda, na korongo limelikata kwa mshazari, hivyo lazima uamue mapema: ukae upande gani, uvuke lini. Sikuamua. Nilipiga mpira mzuri sana mahali pabaya. Nikatazama grini kule juu, korongo liko kati yetu, bendera iko nyuma ya tuta. Mkwaju wa pili ulikuwa wa kuokoa tu.

La kumi na sita ndilo ninalotaka tulijadili. MacKenzie mwenyewe alilisema kuwa shimo bora la mikwaju minne alilolijua. Kwenye tii huoni grini. Unapiga juu ya mgongo wa kilima ukifuata alama. Ukifika juu, ardhi inafunguka: bonde, korongo, na ng'ambo yake grini ya ngazi tatu inayokutazama kama ukuta ulioegemea. Bendera siku hiyo ilikuwa ngazi ya kati. Mpira wangu ulifika ngazi ya juu. Nilisimama pale nikitazama chini kwa dakika nzima. Nikapiga pati, mkwaju wa kubingirisha tu, kwa ncha ya pumzi, mpira ukashuka, ukapita kikombe (tundu lenye bendera), ukashuka ngazi ya pili, ukasimama karibu na ukingo wa mbele. Mikwaju sita kwa jumla. Na bado nililipenda shimo lile kuliko yote niliyowahi kucheza.

Swali langu kwenu: je, uwanja wa vilima unafaidika zaidi na urejeshaji kuliko uwanja wa tambarare? Mimi nasema ndiyo, na nitaeleza kwa nini baada ya kuwasikia.

---

Ukingo_wa_Grini

Mkuu asante kwa simulizi. Naomba kuuliza kabla ya kuchangia. Watu wanasema "kurejesha" kila mahali siku hizi. Mtu akibadilisha nyasi na kuongeza mabanka mawili, anasema amerejesha. Tofauti ni nini na ukarabati wa kawaida?

---

Mtunza_Nyasi

Naomba nijibu hili maana ni kazi yangu.

Grini ikiachwa miaka 60 haibaki ile ile, hata kama hakuna aliyeamua kuibadilisha. Anayekata nyasi kwa mashine hageuzi kona kali, hugeuza mduara. Kila mwaka anapoteza kidogo pembeni kwa sababu anaogopa kuchuna ukingo. Mwisho grini iliyokuwa na pembe na ndimi inakuwa yai. Sehemu zilizopotea ndizo zilizokuwa karibu na mabanka na miteremko, yaani zile za kuvutia zaidi.

Halafu kuna mchanga. Kila mtu anapopiga kutoka kwenye banka, mchanga unarukia ukingo wa grini. Miaka ikipita ukingo unapanda, unakuwa kama mdomo wa sahani. Maji yaliyokuwa yakitoka nje yanarudi ndani. Mpira uliokuwa ukivutwa kwenye banka unazuiwa. Hakuna aliyelichora tuta lile, limejengwa na wachezaji wenyewe.

Kwa hiyo anayerejesha kwa dhati anachimba. Anapitisha kijiti kirefu ardhini kutafuta udongo unapobadilika, anatafuta mchanga wa zamani chini ya nyasi, anaona banka liliishia wapi. Analinganisha na picha za enzi hizo, zikiwemo zilizopigwa kutoka angani. Ukarabati unauliza: tunataka nini? Urejeshaji unauliza: palikuwa na nini, na kwa nini kiliwekwa hapo? Hilo swali la pili ni gumu zaidi.

Tena kwenye vilima ushahidi huwa unabaki vizuri. Tambarare inaweza kusawazishwa kwa siku moja na usijue. Kilima hakifichiki.

---

Kikombe_cha_Nyuma

Mimi nitakuwa upande wa pili. Kila nikisoma habari za viwanja hivi nakuta mstari uleule: "baadhi ya miteremko ya grini imelegezwa." Ukishalegeza mteremko wa MacKenzie, hujamrejesha MacKenzie. Umejenga kitu kipya ukakipa jina lake. Mtoa uzi unasema kuhusu ile ya 16. Unaijuaje kama ndiyo aliyoiacha yeye?

---

Fimbo_ya_Saba

@Kikombe_cha_Nyuma hoja yako ni nzito na nimeifikiria sana tangu nirudi.

Tuangalie kasi. Edward Stimpson alitengeneza kipimo chake cha kasi ya grini mwaka 1935, ule mfereji wa kuteremshia mpira, kasi ikisomwa kwa futi ambazo mpira umebingirika. USGA, chama cha gofu cha Marekani, walipokiboresha na kupima viwanja vya Marekani katikati ya miaka ya 1970, wastani ulikuwa futi 6 na nusu hivi. Leo klabu nyingi zinaona futi 10 ni kawaida, na mashindano yanapita 12. Sasa chukua grini iliyochongwa mwaka 1929 kwa ajili ya nyasi za polepole, iweke kwenye kilima, kisha ikate kwa wembe wa leo. Mteremko uleule hauna maana ileile. Mahali palipokuwa pagumu panakuwa pasipochezeka. Mpira hausimami. Matokeo yake mtunza uwanja anakimbilia sehemu mbili tatu tambarare, kikombe kinawekwa hapo mwaka mzima, na grini kubwa inakufa huku nyasi zake zikiwa hai.

Ndiyo maana sioni dhambi kulegeza kidogo ili kikombe kirudi pale MacKenzie alipokusudia kikae. Mimi nadhani kinachorejeshwa ni swali ambalo shimo linakuuliza. Pale 16 swali ni hili: una moyo wa kuacha mpira chini ya kikombe, au utakimbilia usalama wa juu ambao si usalama? Swali hilo nililisikia waziwazi. Kama sentimita chache zimebadilika ili lisikike, nawashukuru waliofanya hivyo.

---

Kikombe_cha_Nyuma

Nimekuelewa, ila sikubaliani mia kwa mia. Njia nyingine ipo: punguza kasi. Iache grini futi 9, mteremko ubaki kama ulivyo. Tatizo ni kwamba tumewafundisha wachezaji kuwa kasi ndiyo ubora.

---

Mtunza_Nyasi

@Kikombe_cha_Nyuma hapo umesema kweli na ningeomba kila kamati ya uwanja isikie. Nyasi zinazokatwa chini sana zinaugua haraka, zinahitaji maji zaidi na dawa zaidi. Kwenye mteremko maji yenyewe hayakai. Yanakimbia chini, juu kunakauka, chini kunaoza. Mwenye uwanja wa vilima anamwagilia viwanja viwili kwa wakati mmoja.

Na wenye Pasatiempo maji wanayajua. California ukame si hadithi. Mwaka 2017 walianza kutumia mtambo wao wa kusafisha maji yaliyokwisha kutumika ili wanyweshe uwanja bila kugusa ya kunywa. Bila hilo, tusingekuwa tunajadili grini leo.

---

Bi_Draiva

Kaka zangu, mmetaja MacKenzie mara nyingi na hamjamtaja aliyeuleta uwanja huo duniani. Marion Hollins. Bingwa wa gofu wa Marekani wa wanawake wasiolipwa kucheza, mwaka 1921. Yeye ndiye aliyeiona ardhi ile, akatafuta fedha, akamwita MacKenzie. Kabla ya hapo alikuwa mhimili wa kuanzishwa kwa uwanja wa Cypress Point, na ndiye anayetajwa kwa lile shimo la 16 la kule, la mikwaju mitatu juu ya bahari: waliposema umbali ni mkubwa mno, yeye aliuvusha mpira kuonyesha inawezekana.

Siku ya ufunguzi, tarehe 8 Septemba 1929, alicheza yeye mwenyewe pamoja na wachezaji mashuhuri Bobby Jones, Glenna Collett na Cyril Tolley. Wanawake wawili, wanaume wawili, uwanja mmoja. Jones alikuwa ametolewa mapema kwenye mashindano ya Pebble Beach wiki ileile na Johnny Goodman, ndiyo akapata nafasi ya kuzunguka viwanja vya MacKenzie. Miaka michache baadaye Jones na MacKenzie wakawa wanajenga uwanja wa Augusta National. Kwa hiyo huyu mama yumo ndani ya historia kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mimi nikisoma "uwanja wa MacKenzie umerejeshwa," nasoma pia kwamba ndoto ya Marion imerejeshwa. Naomba jina lake likae kwenye uzi huu.

---

Fimbo_ya_Saba

@Bi_Draiva dada yangu, umenirekebisha na ninakubali. Ningepaswa kuanza naye.

---

Bonde_na_Kilima

Mimi nina swali la miguu. Nina miaka 61, goti la kulia si zima. Vilima hivyo vinatembelewa kweli, au ni lazima gari?

---

Fimbo_ya_Saba

@Bonde_na_Kilima shikamoo mzee. Nilitembea, nikabebewa mfuko na kedi. Si rahisi, nisikudanganye. Lakini kuna jambo lilinishangaza. Kati ya kanuni 13 alizoziandika MacKenzie mwaka 1920, moja inasema grini na feawei ziwe na mawimbi ya kutosha, ila kusiwe na kupanda milima. Nyingine inataka mwendo mfupi kutoka grini hadi tii inayofuata. Nilipozisoma kabla ya kwenda nilijiuliza itawezekanaje mahali kama pale. Nilipotembea nikaelewa. Anakushusha kwa mkwaju mmoja mrefu, anakupandisha kidogo kidogo kwa mshazari. Mahali pa kupanda kweli amepaweka kwenye shimo fupi la mikwaju mitatu, unapanda mara moja na kwisha. Kedi wangu aliniambia nitembee kwa kufuata mgongo wa kilima hata kama mpira uko bondeni, nishuke dakika ya mwisho. Ushauri huo uliniokolea miguu kuliko viatu vipya.

Ukienda, chukua gari kama goti linauma. Ila grini za mwisho zitembee.

---

Bonde_na_Kilima

Marahaba mwanangu. Nimekusikia.

---

Ukingo_wa_Grini

Mtoa uzi uliahidi kueleza kwa nini vilima vinafaidika zaidi. Tunasubiri.

---

Fimbo_ya_Saba

Haya.

Uwanja wa tambarare unategemea vitu vilivyowekwa: banka hapa, maji pale. Uwanja wa vilima silaha yake ni mteremko wenyewe, na mteremko unafanya kazi pale tu mpira unapokuwa huru kubingirika. Ndiyo maana miti na nyasi ndefu ni adui wa kilima. Feawei ikibanwa kutoka yadi 50 hadi 25, mpira unaotua juu na kuteremka hauteremki tena, unanaswa na nyasi ndefu hatua tano tu. Ile akili ya kupiga juu ya mteremko ili ardhi ikuletee mpira kwenye bendera inakufa. Unabaki na mchezo mmoja, wa hewani: piga juu, omba.

Waliporudisha upana, wamerudisha na njia ya chini. Kwenye shimo moja la mashimo tisa ya kwanza bendera ilikuwa nyuma ya banka upande wa kushoto. Kedi akaniambia nisilenge bendera hata kidogo, nilenge kilima kidogo upande wa kulia, yadi 15 nje ya grini. Nilisita. Nikapiga. Mpira ukatua kilimani, ukakata kona, ukaingia grini, ukaendelea kutembea kama mtu anayejua nyumba anayoiendea, ukasimama futi 6 kutoka kwenye kikombe. Nilipata badi, mkwaju mmoja pungufu ya idadi ya shimo. Sijawahi kuifurahia badi namna hiyo, kwa sababu nusu yake ni ya ardhi.

Halafu mabanka. MacKenzie alikuwa daktari wa upasuaji aliyekuwa na jeshi la Uingereza kwenye vita vya Makaburu, Afrika Kusini. Kule aliona jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao, wakaweka mengine ya uongo ili kumchanganya adui. Maarifa hayo aliyaleta kwenye gofu. Kuna mabanka ambayo ukiyatazama kutoka chini unaapa yamegusa grini. Unafika unakuta kuna yadi 20 za feawei katikati. Kwenye mteremko udanganyifu huo ni mara mbili, maana ukingo wa banka unaficha ardhi iliyo nyuma yake. Banka likizama au likibadilishwa umbo kuwa bakuli tu, ule ujanja wote unapotea. Kingo zimerudishwa zilivyochanika chanika kama zamani, na jicho likaanza kuchanganyikiwa tena.

---

Mpigaji_wa_Kushoto

Kuhusu miti nakuunga mkono. Klabu ya Oakmont wamekata maelfu ya miti tangu miaka ya 1990, mwanzoni wakifanya usiku ili wanachama wasigombane. Leo ukisimama karibu na nyumba ya klabu unaona bendera nyingi kwa mtazamo mmoja, kama alivyoiacha mwasisi wake Henry Fownes. Na uwanja wa Pinehurst namba 2, wabunifu Coore na Crenshaw mwaka 2010 na 2011 waling'oa ekari zaidi ya 30 za nyasi, vichwa vya kumwagilia vikapungua kutoka 1,150 hadi 450. Donald Ross, mbunifu wake wa awali, akarudi kwenye mchanga wake. Viwanja hivyo havina milima kama Pasatiempo, lakini wazo ni hilo hilo: ondoa, usiongeze.

Naomba tu unisaidie jambo la vitendo. Mimi napiga kwa mkono wa kushoto. Miteremko ya pembeni ilikusumbuaje?

---

Fimbo_ya_Saba

@Mpigaji_wa_Kushoto mimi ni wa kulia, kwa hiyo geuza nitakayosema.

Mpira ukiwa juu ya miguu yako, unavutwa kushoto. Ukiwa chini ya miguu, unakwenda kulia. Hayo tunayajua sote. Tusichokizingatia ni kwamba kadiri fimbo ilivyo na uso ulioinama zaidi, ndivyo mvuto huo unavyoongezeka. Fimbo fupi ya karibu na grini inapotea zaidi kuliko chuma namba 5. Mimi nilikuwa nikirekebisha kinyume: najihadhari na mkwaju mrefu, nauamini mfupi. Nilipoteza mikwaju mitatu hivi kwa kosa hilo moja.

Cha pili ni mizani. Kwenye mteremko punguza bembea, shika fimbo chini kidogo, chukua fimbo moja kubwa zaidi. Mwili ukiyumba, mteremko unashinda. Na ukipiga kuelekea juu, mpira unapanda zaidi na kwenda karibu zaidi, hivyo ongeza fimbo. Ukipiga kuelekea chini, unatoka bapa na kukimbia, hivyo utue mapema.

Kwenye grini kedi alinifundisha kutokutazama grini kwanza. Alisema nitafute bahari iko wapi. Eneo lote linaelekea huko, na mpira unaijua njia hata pale macho yanapoona tambarare. Mara mbili nilimbishia. Mara mbili alikuwa sahihi.

---

Kikombe_cha_Nyuma

Nimerudi. Nimeusoma uzi wote tena. Kuhusu kulegeza miteremko bado nina shaka yangu, lakini ile habari ya kilima cha kulia imenigusa. Nimeweka jina kwenye orodha, nitacheza mwakani. Niambie kitu kimoja: lile la 18. Nasikia ni la mikwaju mitatu. Uwanja mkubwa unaishaje na shimo fupi?

---

Fimbo_ya_Saba

Mkuu, nilikuwa na wasiwasi kama wako. Tumezoea mwisho wa mikwaju minne mirefu, watu wanatembea pamoja hadi kwenye grini.

La 18 ni yadi 170 hivi. Tii iko upande mmoja wa korongo, grini iko upande wa pili, inateremka kuja kwako. Hakuna feawei ya kukuhurumia. Umetembea saa nne, miguu imechoka, umeshajifunza mambo mengi kuhusu ardhi ile, na sasa unaulizwa mara moja tu. Tulikuwa wanne. Jua lilikuwa linashuka, kivuli kimejaa korongo, grini peke yake ndiyo ilikuwa na mwanga. Wa kwanza alipiga mrefu, ukapita bendera. Hakuna aliyesema kitu, maana sote tulishajua maana ya kuwa juu ya kikombe.

Nikachukua fimbo fupi kuliko niliyoitaka. Mpira ulivuka kwa yadi chache, ukatua mwanzo kabisa wa grini, ukabaki chini ya kikombe, futi 20. Pati mbili. Mikwaju mitatu.

Ukifika pale mwakani, wacha wenzako watangulie kupiga. Simama pembeni uitazame mipira yao ikitua, kila mmoja uone ardhi inaupeleka wapi. Kisha uje hapa utuambie bendera ilikuwa wapi.